Karate Tumeipenda, Sasa Tufundishwe Kuanguka

Hakuna mtaa wa Nairobi usiokuwa na kijana ajuaye kurusha teke, na Kangemi haukosi wake. Katika nyua za nyumba za kukodi, katika madarasa yanayoachwa wazi jioni, na popote penye nafasi ya kunyosha mguu bila kuangusha kamba ya nguo, wako wavulana, na siku hizi wasichana pia, wanaohesabu kwa Kijapani ama kwa Kikorea ingawa hawajui neno jingine la lugha hizo. Wengine hupiga gunia la matambara lililoning'inizwa kwenye boriti. Twawasifu. Kijana anayetoka jasho jioni, akainama mbele ya mwalimu wake na kwenda nyumbani kulala, hatuna ugomvi naye, na laiti wangekuwa wengi zaidi.

Ukimwuliza kijana huyo kwa nini anajitaabisha, si mara nyingi atakutajia medali. Atakuambia anataka kujikinga. Basi na tumwulize yeye, na zaidi tumwulize mwalimu wake: kujikinga na nani, mahali gani, saa ngapi? Maana hatari ya jiji hili ina sura yake na desturi yake, na mafunzo yasiyoiangalia sura hiyo ni sawa na mtu kufunga mlango wa mbele kwa makufuli mawili akauacha wa nyuma wazi.

Watu wa Kangemi huamka mapema. Mama mboga huondoka nyumbani giza lingali zito ili awahi bei ya jumla. Bawabu anarudi kutoka lindo la usiku. Watumishi wa nyumbani na watunza bustani huenda kwa miguu hadi Loresho na Lavington, kwa kuwa nauli ya kila siku ingemeza sehemu kubwa ya mshahara. Hawa hawashambuliwi na mtu anayesimama mbele yao, akawainamia kwa adabu, kisha akakunja ngumi. Wao hupigwa ngeta.

Ngeta, kwa msomaji wa mbali ambaye hajapata kuionja, ni mkono unaotoka nyuma na kuzunguka koo. Mkora humvuta mtu wake nyuma mpaka visigino viburute, mwenzake akaja mbele kupekua mifuko, na yote yakaisha kabla jirani hajafungua dirisha. Mwenye bahati huachwa chini akikohoa. Mwenye bahati mbaya huzirai, kwa kuwa mishipa ya damu ya shingo ikibanwa sawasawa ubongo hukosa damu na fahamu hupotea kwa muda wa sekunde chache. Hapo anguko lake juu ya lami, au juu ya ukingo wa mtaro, ndilo linalomvunja.

Sasa tumchukue kijana wetu wa karate, aliyejifunza miaka mitatu bila kukosa. Ana teke la mbele, ana teke la pembeni, ana ngumi iliyonyooka. Vyote hivyo vinahitaji kitu kimoja ambacho ngeta humnyang'anya kwanza, nacho ni nafasi. Teke lataka hatua moja baina ya watu wawili. Ngumi yataka miguu iliyokita ardhini. Aliyekabwa hana hatua na hana ardhi. Atasema mtu kwamba karate ina kiwiko cha nyuma na kisigino cha kukanyagia vidole, na ni kweli, na mwalimu mzuri huvifundisha. Lakini mara ngapi mwanafunzi huvijaribu akiwa amekabwa na mtu mzito anayemvuta kwa nguvu zake zote, asiyetaka kumwachilia? Katika mazoezi mengi mwenzake humshika kwa upole, hungoja mbinu ifanywe, kisha huanguka kwa hisani.

Tutazame pia kanuni za michezo yenyewe. Katika ndondi, mabondia wakikumbatiana refa huingia kati na kuwatenganisha. Katika karate ya pointi, refa husimamisha pambano na kuwarudisha watu mahali pao, na katika taekwondo kushika na kusukuma kuna mipaka na adhabu zake. Hatuzilaumu kanuni hizo. Bila hizo mchezo ungekosa sura. Ila tuone maana yake kwa mtu wa barabarani. Pale refa anaposema acheni, ndipo mkora anapoanza. Kijana amejizoeza mamia ya saa kupigana kabla ya kushikwa, na baada ya kushikwa hajui lolote.

Asifikiri msomaji kwamba twaidharau ngumi. Nchi hii imetukuzwa na ngumi. Philip Waruinge alirudi kutoka Mexico mwaka 1968 na medali ya shaba pamoja na kombe la Val Barker, la bondia aliyeonyesha ufundi mkubwa kuliko wote katika mashindano yale, na mwaka 1972 akaongeza medali ya fedha. Robert Wangila naye alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili huko Seoul mwaka 1988 akatuletea dhahabu. Mtu aliyezoea kupigwa na kupiga ulingoni ana jicho, ana pumzi na hana hofu ya kofi, na hayo ni nusu ya kujikinga. Ile nusu nyingine ndiyo tunayoitafuta, nasi tunaona imo katika judo.

Judo ilianzishwa mjini Tokyo mwaka 1882 na Kano Jigoro, kijana aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Alikuwa na umbo dogo, na shuleni wakubwa walimwonea. Ndiyo maana akaitafuta jujutsu, mieleka ya kale ya askari wa Kijapani. Baadaye akawa mwalimu na mkuu wa shule, na akili yake ya kialimu ndiyo iliyozaa jambo kubwa kuliko mbinu yoyote. Kano aliona kwamba mbinu za kuvunja viungo, kuchoma macho na kupiga sehemu za hatari haziwezi kufanyiwa mazoezi ya kweli, kwa kuwa ukizifanya kweli utabaki huna mwenzio wa kufanya naye mazoezi. Akaziweka kando. Akabakisha kuangusha, kubana na kukaba kwa kadiri, na mtu anayezidiwa hupiga kofi mara mbili akaachiliwa. Kwa hiyo wanajudo wawili waweza kupambana kila jioni kwa nguvu zao zote, kila mmoja akimkatalia mwenzake, na kesho yake wote wawili wakaenda kazini. Zoezi hilo huitwa randori. Mtu aliyelifanya mwaka mmoja ameshavutwa, ameshasukumwa na ameshaangushwa mara nyingi sana. Akishikwa shingo gizani, mwili wake hautashangaa kama mwili wa yule asiyewahi kushikwa.

Kabla ya randori kuna somo jingine, na hili ndilo lililotufanya tuandike. Mwanajudo mgeni hafundishwi kuangusha. Hufundishwa kuanguka. Wiki za kwanza huwa ni hilo tu: kuinamisha kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini, kuzungusha mgongo kama gurudumu, kupiga jamvi kwa mkono mzima ili nguvu ya anguko ienee badala ya kukusanyika kwenye kifundo kimoja, na kutoweka kiganja chini kama nguzo, maana nguzo hiyo ndiyo inayovunjika. Wageni wengi huchoka na kuona wanapotezewa wakati. Walikuja kujifunza kupigana, na sasa wanabiringishwa kama mapipa.

Hebu tufikiri kidogo juu ya vifo vinavyotokana na ugomvi wa kilabuni na wa kituo cha matatu. Ngumi moja ya mlevi, kwa yenyewe, ni mara chache kuua mtu mzima. Kinachoua ni saruji. Mtu husukumwa, akaenda kinyumenyume mikono ikipapasa hewa, na kisogo kikawa cha kwanza kufika chini. Mkufunzi wa karate aliyemfundisha mtu huyo kupiga, asimfundishe kuanguka, amemwachia nusu ya hatari. Na anguko halingoji mkora. Njia za Kangemi zinazoteremka kuelekea mtoni huwa utelezi mtupu wakati wa masika, watu wa mjengo hutembea juu ya mbao nyembamba, na abiria hutupwa nje na matatu ambayo haikusimama sawasawa. Tungemwambia kijana asiyekuwa na nia ya kupigana na mtu yeyote maisha yake yote kwamba hata yeye ajifunze miezi mitatu ya judo, kisha aache, na atakuwa amefaidika.

Turudi kwenye ngeta. Mwanajudo aliyekabwa kutoka nyuma hafikirii kwanza kupiga. Kidevu huingia chini kulinda koo, mikono miwili hushika ule mkono mmoja na kuuvuta kifuani, magoti hukunjwa na uzito wote hushuka ghafla, kama mtu anayetaka kukaa. Hapo mkora aliyetaka kumwinua mtu anajikuta amebeba gunia. Nyonga ikipita mbele yake, mkora huweza kwenda juu ya bega na kulala chali mbele ya yule aliyemkaba. Twasema huweza. Mkora naye ana akili, tena ana mwenzake. Lakini hata lisipokamilika tupo, zile sekunde mbili za koo kuwa huru zatosha kwa kiwiko cha karate, kwa kisigino, kwa ukelele, na kwa mbio. Hapo ndipo sanaa mbili zinapokutana: judo hukurudishia nafasi uliyonyang'anywa, na ngumi huitumia nafasi hiyo.

Wajapani wenyewe waliona haja hiyo. Mwaka 1956 Kodokan, chuo alichoanzisha Kano, kilitoa mfululizo maalum wa kujikinga uitwao Kodokan Goshin Jutsu. Una mbinu 21: kumi na mbili dhidi ya mtu asiye na silaha, na tisa dhidi ya mwenye kisu, fimbo au bastola. Kukabwa kutoka nyuma kumo ndani yake. Na ndani ya mbinu hizo za judo kuna mapigo, ya kumshtua adui kabla ya kumwangusha au kumbana. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba kuchanganya ni uvumbuzi wa vijana wa filamu.

Kuhusu filamu, tuna neno. Vizazi viwili vya Nairobi vimelelewa na Bruce Lee, kwanza katika majumba ya sinema ya mjini, kisha katika vibanda vya video, na baadaye kwa sauti ya DJ Afro akimtia kila shujaa maneno ya Kiswahili cha mitaani. Kila kijana akumbuka mateke. Wangapi wanakumbuka pambano la kwanza kabisa la Enter the Dragon ya mwaka 1973? Lee anamaliza akiwa chini, amembana mpinzani viungo mpaka akasalimu amri. Lee alijifunza mengi kwa Gene LeBell, mwanajudo wa Marekani ambaye mwaka 1963 alipambana na bondia Milo Savage mbele ya watu na kumkaba mpaka akazirai katika raundi ya nne. Twajua pia kisa cha Muhammad Ali na Antonio Inoki mjini Tokyo mwaka 1976, raundi kumi na tano zilizokwisha sare, mwanamieleka akiwa amelala chini akimpiga bingwa wa dunia mateke ya miguuni na bingwa asijue la kumfanya. Lilikuwa pambano la aibu lenye kanuni za ajabu ajabu, na hatulitumii kama ushahidi, ila lachekesha. Mfano wa karibu zaidi ni wa Israel Adesanya, Mnaijeria wa New Zealand, fundi wa mateke ambaye wachache waliweza kumgusa. Machi 2021 Jan Błachowicz alimshinda kwa pointi, na raundi za mwisho alizichukua kwa kumwangusha na kumlalia.

Je, basi mtu aache karate ashike judo? La. Mwanajudo naye ana upofu wake, na tungekuwa wanafiki kama tungeuficha. Katika judo hakuna ngumi inayokuja usoni. Mtu aweza kupata mshipi mweusi bila kujifunza kulitambua konde kabla halijafika, naye huingia kumshika mpinzani uso ukiwa wazi kabisa. Kanuni za mashindano zimemzidishia upofu huo: tangu mwaka 2010 kushika miguu ya mpinzani kulianza kuzuiwa, na mwaka 2013 kukapigwa marufuku moja kwa moja, hata wengi wa kizazi hiki hawajui kujihami dhidi ya mtu anayeinama kuwazoa miguu. Tena wapo wanaojitupa kifudifudi ili wasipoteze pointi. Ulingoni hilo ni hila halali. Chini ya daraja la Waiyaki Way, kumgeuzia mtu kisogo ni kumkaribisha.

Jambo la tatu ni nguo. Judo hushika kola na mkono wa kanzu. Mwezi wa Julai, Kangemi ikiwa na baridi na kila mtu amevaa jaketi, kuna cha kushika. Januari mkora huja na fulana inayochanika. Mwalimu wa kujikinga sharti afundishe pia kushika kwa mkono chini ya kwapa, kiwiko na shingo, kama wafanyavyo wanamieleka.

Tumetaja mieleka, na hapo twafika nyumbani. Kangemi ni mtaa wa watu wengi waliotoka magharibi ya Kenya, na miongoni mwa Waluhya mieleka ilikuwa mchezo wa vijana kabla ya shule na kabla ya sinema. Wazee wengi waliopanga vyumba pale waliwahi kupiga ngwala na kupigwa mwereka mchangani wakichunga ng'ombe. Wajukuu wao wanajua majina ya Kijapani ya mateke lakini hawajui mwereka hata mmoja. Senegal haikufanya hivyo. Mieleka yao ya jadi iliruhusu ngumi ndani yake, na leo mabingwa wake hujaza viwanja na kulipwa fedha nyingi. Kupiga na kuangusha vimekaa katika mchezo mmoja, wala hapana anayewaambia wamechanganya mambo.

Kwetu, anayesema hivyo mara nyingi ni mwalimu. Kuna walimu wanaomkataza mwanafunzi asiingie chuo kingine, na akionekana huko hurudishwa nyuma au huambiwa atafute mwalimu mpya. Husingizia methali: mshika mbili moja humponyoka. Methali ni njema, lakini mshipi anaoufunga mwalimu huyo kiunoni ulitoka wapi? Funakoshi Gichin, mwalimu wa shule kutoka Okinawa, alifika Tokyo mwaka 1922 akaonyesha karate yake, na Kano akamwalika Kodokan aionyeshe mbele ya wanajudo wake. Kanzu nyeupe ya karate na ngazi za mishipi Funakoshi alizichukua kwa judo, na mishipi myeusi ya kwanza akaitoa mwaka 1924. Mwanafunzi wake Otsuka Hironori, aliyekuwa tayari amebobea katika jujutsu, alichanganya hizo mbili akaanzisha Wado-ryu, mojawapo ya mitindo mikubwa ya karate duniani. Kama Kano angemfungia mgeni wake mlango, sijui mwalimu wetu angevaa nini leo.

Methali hata hivyo ina ukweli kwa anayetaka kuzishika mbili kwa siku moja. Ushauri wetu ni kwamba aliye na mwaka mmoja au miwili ya karate, taekwondo au ndondi asiiache. Siku mbili za wiki abaki nayo, siku moja aende judo, na miezi sita ya mwanzo asitake kitu zaidi ya kuanguka, kushika, kushikika na mianguko miwili au mitatu inayolingana na umbo lake. Mrefu ana yake na mfupi ana yake. Mfupi hasa, maana judo ilitengenezwa na mfupi. Aliye mgeni kabisa aanze na judo, kwa sababu moja isiyo ya kifalsafa: kuanguka hujifunzwa vizuri zaidi mwili ungali laini na kiburi kingali kidogo.

Yako mambo ambayo mafunzo yote mawili hayayaponyi. Mwenye bastola apewe simu. Mwenye kisu apewe simu vilevile, na mguu upate kazi yake. Simu hununuliwa nyingine. Mwalimu anayemwahidi kijana wa miaka kumi na saba kwamba atampokonya mkora kisu anacheza na maisha ya watu. Wala judo ya barabarani isiwe ya kukaa chini. Kodokan hufundisha kumlalia mpinzani na kumbana, na hilo ni zuri kulijua ili ukiangushwa uweze kutoka. Lakini ngeta hupigwa na wawili au watatu, na ukikaa juu ya mmoja mwingine yuko nyuma yako.

Hatari ya pili ya kumbana mtu chini ni sisi wenyewe. Kila mkaaji wa jiji hili anajua kinachotokea mtu akipiga kelele "mwizi!" huku amemshikilia mtu ardhini. Umati hauulizi. Mawe hutangulia, na wakati mwingine tairi hufuata. Aliyetaka kuokoa pochi yake anajikuta shahidi wa mauaji, na mara nyingine aliyeuawa hakuwa mkora. Kuangusha na kuondoka ni salama zaidi kwa wote wawili.

Sheria nayo isisahauliwe. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kinasema kujikinga mwili au mali kutapimwa kwa kanuni za sheria ya kawaida ya Kiingereza, na kanuni hizo hudai nguvu iwe ya kadiri inayolingana na hatari. Aliyekabwa koo ana ruhusa kubwa. Aliyetukanwa tu hana. Na yule aliyekwisha kujinasua, mkora akiwa chini hajiwezi, akaendelea kumpiga mateke ya kichwa, amevuka mpaka na aweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa. Tukumbuke pia kwamba mwereka mzuri uliofanywa juu ya jamvi si kitu, na mwereka uleule juu ya lami ni pigo la nyundo. Anayejua kumshusha mtu polepole, akiushikilia mkono wake asigonge kichwa, ana daraja katikati ya kutofanya kitu na kuua. Ngumi haina daraja nyingi hivyo; ikishatoka imetoka.

Tumesema kijana, kijana, kana kwamba wanaokabwa ni wanaume peke yao. Judo ya wanawake ilingoja mpaka mwaka 1992 kuingia rasmi katika Olimpiki, miaka 28 baada ya ile ya wanaume, na hapa kwetu bado kuna wazazi wanaoona haya binti kubiringishwa chini na wenzake. Wajue kwamba anayemvamia binti mara nyingi hapigi ngumi. Hushika mkono, husukuma ukutani, hulalia. Yote hayo ni mambo ya karibu ambayo teke la juu haliyajibu, na kumtoa mtu mzito aliyekulalia ni somo la kila siku katika judo. Mafunzo hayahitaji kuwa marefu ili yafae. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 juu ya wasichana wa shule za sekondari katika vitongoji maskini vya Nairobi, waliofundishwa kujikinga kwa saa 12 hivi kwa jumla, ulionyesha kwamba waliodhulumiwa kingono katika mwaka walishuka kutoka karibu robo ya wasichana hadi chini ya mmoja kati ya kumi. Mafunzo yenyewe yalitia sauti ndani yake, kukataa kwa ukali na kupiga kelele, kisha mwili. Na huko Korogocho akina nyanya wa kikundi cha Shosho Jikinge wamejifunza kupiga na kukinga wakiwa na umri ambao wengi wetu tutakuwa tukiulizia mkongojo. Kangemi haina sababu ya kubaki nyuma ya Korogocho.

Kikwazo ni mahali. Kangemi haikupangwa kama Kaloleni, ambako ukumbi wa jamii ulijengwa pamoja na nyumba na ukawalea mabondia. Sehemu kubwa ya ardhi yake ni ya watu binafsi, mashamba ya familia yaliyoingizwa ndani ya mipaka ya jiji wakati wa uhuru, yakagawanywa kwa wana na wajukuu, na kila kipande kikajaa vyumba vya mabati na ghorofa za kukodi. Uwanja wa umma ni haba. Karate yaweza kufanywa juu ya saruji, na ndiyo sababu mojawapo ya kuenea kwake mitaani; judo haiwezi, na anayejaribu atakutana na mtengeneza mifupa mapema. Majamvi rasmi ya judo huagizwa ng'ambo kwa bei ambayo chuo cha mtaani hakiiwezi. Hapo ndipo serikali ya kaunti inapaswa kuulizwa. Hununua viti vya plastiki na mahema kwa sherehe. Seti moja ya majamvi kwa mitaa ya Kangemi, Kawangware na Uthiru ingezunguka miaka mingi.

Zanzibar walianza na kidogo. Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, mfanyabiashara aliyehamia Unguja, alianza kuwafundisha vijana judo katika miaka ya 1990, na mchezo ukashika mizizi visiwani. Katika Olimpiki za Rio mwaka 2016 na Paris mwaka 2024, Tanzania iliwakilishwa katika judo na Andrew Thomas Mlugu.

Wakati kaunti inafikiri, jamvi la maskini lipo. Mifuko iliyojazwa maranda ya mbao, ikapangwa kwa kubanana ndani ya fremu ya mbao, na juu yake turubai likavutwa mpaka likakaza kama ngozi ya ngoma: vyuo vya judo vya Ulaya vilitumia kitu cha namna hiyo kabla ya majamvi ya kisasa. Maseremala hawakosekani Kangemi, na maranda wao huyachoma au kuyauzia wafuga kuku. Mwenye lori lenye turubai kuukuu hakosekani pia. Mwalimu wa judo aweza kutoka mjini mara moja kwa wiki akilipiwa nauli na chai. Sasa ni zamu ya mwalimu mkuu mmoja, au kasisi mmoja, au mwenye ukumbi yeyote, kuutoa ufunguo wa chumba kimoja jioni mbili kwa wiki, na ya walimu wa karate wa mtaani kuwaleta wanafunzi wao wenyewe, wakiwa wamevaa mishipi yao ileile.